Soto ndo kashasepa, Fried na Williams wametua. Sasa besi ya kwanza na uwanja wa nje Yankees tunampanga nani?

Mistari27 (Jumamosi, 14 Desemba 2024)

Wakuu habari za wikendi. Ya Juan Soto, mpigaji wetu wa besiboli hapa Yankees, tumeshayalia vya kutosha, jamaa kamwaga wino Mets miaka 15 kwa dola milioni 765, inasemekana sisi tuliweka 760 kwa miaka 16 akachomoa, imeisha hiyo, tusirudi huko tena.

Nataka tuongelee kilichobaki. Mpaka leo meneja mkuu wetu Cashman kamleta Max Fried miaka 8 kwa milioni 218, na jana kamchukua Devin Williams kutoka Brewers kwa kuwapa Nestor Cortes na yule dogo Caleb Durbin. Upande wa kurusha sina neno, Cole, Fried, Rodón, Gil, Schmidt halafu Williams anakuja kufunga mlango mwishoni, hapo hata adui anakubali. Shida ukigeukia upande wa kupiga unaona mashimo tu. Opsheni ya Rizzo wa besi ya kwanza tumeikataa, Gleyber wa ya pili yuko huru, Verdugo wa kushoto yuko huru, Soto alikuwa anashika uwanja wa kulia kwa hiyo Judge anarudi kwake kulia, sasa katikati nani? kushoto nani? besi ya kwanza nani? Na Jazz Chisholm anakaa besi ya pili au anabaki ya tatu? Mimi nilikuwa nimejipa moyo na Kyle Tucker, jana hiyohiyo Astros wakampeleka Cubs, nikazima simu.

Kwa hiyo nauliza, mngekuwa nyie ndo Cashman leo mngempigia nani simu? Na hela ipo kweli? Maana kila nikisoma naona Hal Steinbrenner mwenye timu analalamikia kodi ya mishahara na hii kodi kiukweli sijawahi kuelewa inavyokatwa, anayejua anieleweshe taratibu.

Kipanga99

Umesema tusilie, naomba ruksa ya sentensi moja. Ile ya Cleveland mechi ya 5, kipindi cha 10, Soto anatingisha kichwa kila mpira unaokuja halafu anautupa nje ya uwanja pointi tatu na tunaingia World Series, fainali yenyewe, kwa mara ya kwanza tangu 2009, yule mtu ndo tumemwacha avuke mto tu akacheze Queens. Nimemaliza.

Jibu la swali: Cody Bellinger wa Cubs. Cubs wakishamleta Tucker hawana pa kumweka, na mshahara wake wanautaka utoke.

Bi_Takwimu

@Mistari27 nakuelewesha ya kodi maana watu wengi wanaichanganya.

Ligi haina kikomo cha lazima cha mishahara, kuna mstari, ukiuvuka unalipa. Mwaka huu mstari ulikuwa milioni 237, mwakani 2025 unapanda kuwa 241. Hawahesabu hela uliyomlipa mtu mwaka huo, wanachukua mkataba mzima wanaugawa kwa miaka yake. Fried 218 gawa kwa 8 inakuja 27.25. Judge 360 kwa 9 ni 40. Cole ni 36, Rodón 27. Watu wanne tu hao jumla yao inapita 130, yaani zaidi ya nusu ya mstari wote kabla hujamgusa Stanton, Stroman, LeMahieu wala hujanunua hata mpira.

Sasa asilimia zenyewe zinategemea umevuka miaka mingapi mfululizo. Mwaka wa kwanza unakatwa 20, wa pili 30, wa tatu na kuendelea 50. Sisi tulivuka 2022, 2023 na 2024 kwa hiyo tunaanzia 50 moja kwa moja. Halafu kila ukipanda milioni 20 juu ya mstari kuna nyongeza, mpaka ukipita 301 unafika asilimia 110. Maana yake ukishakuwa huko juu, mchezaji wa milioni 20 Hal anatoa 42, ishirini ya mchezaji na ishirini na mbili inaenda ligi. Ile ngazi ya juu kabisa ndo wanaiita kodi ya Cohen, kwa jina la mwenye Mets, na cha kuchekesha yeye ndo haimtishi hata kidogo.

Ukipita 281 kuna adhabu nyingine juu yake, chaguo lako la kwanza la drafti (siku timu zinapochagua vijana wapya) linasukumwa nyuma nafasi 10. Kwa hiyo Hal mwezi wa 5 aliposema bili ya ukubwa huu haibebeki, hakuwa anasema hana hela. Timu ilikuwa tayari kumpa mtu mmoja milioni 760. Anachosema ni kwamba kila dola ya mwisho inamgharimu mbili na kitu, na hapo ndo tunapobanwa kwenye hizo nafasi unazozitaja, mtu mzuri tunaweza kumpata, watu watatu wa bei kubwa tusahau.

Shabiki_Sugu

Bellinger hapana. Narudia hapana. Mwaka 2019 alikuwa MVP, mchezaji bora wa ligi, sawa, hiyo ilikuwa 2019. Mwaka huu homrani (mipira ya kutoka nje ya uwanja) 18, wastani wa kupiga .266, na mwakani analipwa milioni 27.5 halafu 2026 ana opsheni yake mwenyewe ya 25. Opsheni ya mchezaji maana yake akicheza vizuri anasepa, akicheza vibaya unabaki naye. Tunabeba hasara tu.

Mtu wa besi ya kwanza yupo sokoni anaitwa Christian Walker, glavu ya dhahabu, tuzo ya ulinzi bora, miaka mitatu mfululizo, anapiga kwa nguvu, hana drama. Mpeni miaka mitatu tulale usingizi.

Bi_Takwimu

Walker nampenda ila kumbuka timu yake Diamondbacks walimpa ile ofa ya mwaka mmoja ya milioni 21.05, ile wanayopewa wanaomaliza mkataba, akaikataa. Ukisajili mtu wa hivyo na wewe ni mlipa kodi unapoteza chaguo mbili za drafti pamoja na milioni 1 ya kusajili vijana wa nje. Kwa Fried tumeshalipa hiyo bei mara moja, na Soto alivyoondoka tulichorudishiwa ni chaguo moja baada ya raundi ya nne, kiduchu. Walker anakuja na bili hiyohiyo mara ya pili. Alonso wa Mets naye vilevile. Ndo maana kwangu mimi njia ya kubadilishana wachezaji, au mzee ambaye hakupewa ofa, ina akili zaidi mwaka huu.

MzeeWaBenchi

Vijana nawasoma tu mnahesabu homrani. Hivi mechi ya 5 ya World Series na Dodgers mmeisahau mara hii?

Tunaongoza 5 kwa 0. Cole hajagongwa hata mara moja mpaka kipindi cha 5 kinaanza. Kiké Hernández anapata besi, sawa, inatokea. Edman anapiga mpira wa kawaida kabisa unaenda kwa Judge katikati, mpira ambao Judge anaudaka akiwa amefumba jicho moja, ukamponyoka kwenye glavu. Unaofuata unaenda kwa Volpe, badala ya kutafuta wa uhakika anarusha besi ya tatu mpira unadunda chini, besi zote zimejaa. Cole anajifunga kibwebwe, anamtoa Lux, anamtoa Ohtani, wametolewa wawili na uwanja mzima umesimama. Betts anapiga kimpira kinyonge upande wa kwanza, Rizzo anakiokota, anageuka kumtafuta mtu wa kumrushia, besi ya kwanza HAKUNA MTU. Cole kasimama palepale ananyoosha kidole. Betts anapita. Baada ya hapo Freeman pointi mbili, Teoscar pointi mbili, tano tano. Pointi zote tano hakuna hata moja iliyohesabiwa kwa Cole kwenye takwimu, zote ni makosa ya walinzi. Tukafungwa 7 kwa 6 na Dodgers wakabeba kombe kwenye uwanja wetu.

Na huyo Soto mnayemlilia alikuwepo usiku huo.

Kwa hiyo mimi sitafuti Soto mwingine, hayupo. Natafuta watu watatu wanaojua kudaka, kurusha na kukimbia besi kwa akili, homrani zao zikiwa 18 nachukua hivyohivyo. Judge akirudi kulia, katikati akawekwa mtu mwenye miguu, hata pitcha wetu wataonekana wapya. Hapo Bellinger anaingia vizuri tu, anacheza katikati, anacheza kushoto, anacheza besi ya kwanza, na anapigia mkono wa kushoto. Ukuta wetu wa kulia uko futi 314 pale pembeni, mipira yake mingi iliyodakwa Chicago kwetu inatua kwa watazamaji.

Buluu_Chungwa

Mimi wa Mets nimepita kusalimia tu majirani. Mkimaliza kugawana makombo mtuambie, Soto anawasalimu 😂 Holmes pia

Kipanga99

@Buluu_Chungwa mara ya mwisho nyie kubeba kombe ni 1986, kaa pembeni watu wazima wanaongea.

Buluu_Chungwa

Na nyie 2009, tutakutana mei

Mistari27

@Bi_Takwimu asante sana, kwa mara ya kwanza nimeielewa hiyo kodi, ile ya 42 imenikaa kichwani.

Mzee nakuunga mkono kwenye ulinzi ila nina wasiwasi na kitu kimoja. Soto alikuwa anapiga wa pili mbele ya Judge, homrani 41 na kutembea bure (kupewa besi bila kupiga, pitcha akikosa kulenga) mara 129. Pitcha alikuwa akimkwepa Soto anamkuta Judge na mtu yuko besi tayari. Sasa hivi nani anatangulia mbele ya Judge? Maana wakiwa hawana mtu wa kuwatisha watamtembeza Judge bure mpaka msimu uishe. Na vijana je, Domínguez na Ben Rice, hamwoni tuwape nafasi badala ya kununua?

MzeeWaBenchi

Domínguez apewe kushoto, aachwe acheze, asirudishwe timu za chini kila akikosea. Mwezi wa 9 alivyopandishwa mipira ya kushoto ilimsumbua, lakini dogo ana miaka 21 na alitoka kwenye upasuaji wa kiwiko, mnataka nini. Rice namkubali, zile homrani tatu kwa mechi moja dhidi ya Red Sox sijazisahau, ila baada ya hapo pitcha walimsoma. Sio wa kumkabidhi besi ya kwanza msimu mzima kwa timu inayotaka kombe.

Kuhusu kumlinda Judge, utampata Soto gani mwingine bwana. Jamaa kapiga 58 mwaka huu, na 2022 Soto hayupo alipiga 62.

Shabiki_Sugu

Na Williams naye mbona mnamshangilia hivyo, mkataba wake unaisha mwakani, ni Soto mwingine huyo wa mwaka mmoja. Soto tulimtolea watu watano kwa Padres, Michael King akiwa mmojawapo, jamaa kaenda kule kawa pitcha wa uhakika. Tumekaa na Soto msimu mmoja. Sasa tunarudia.

Bi_Takwimu

Hii ni tofauti kidogo, Cortes naye mkataba wake unaisha mwakani hivyo tumebadilishana mwaka kwa mwaka, uchungu ni Durbin tu. Na Cortes, nampenda sana, lakini mpira wake wa pili tu kwenye World Series Freeman aliupeleka nje na besi zimejaa, sidhani kama ningeweza kumwangalia tena bila kuona ile picha. Williams wastani wake wa maisha wa pointi anazofungwa ni 1.83, ule mpira wake wa polepole unaopinda watu wanapiga hewa wakijua kabisa unakuja.

Cha kujiuliza ni zile ndevu 😄 Sheria ya timu tangu enzi za mzee George Steinbrenner mpaka leo hii Desemba 2024 ni masharubu ruksa, ndevu marufuku, na Williams bila ndevu sijui kama hata mama yake atamtambua.

Kipanga99 (Jumanne, 17 Desemba)

IMETIKI WAKUU!!! Bellinger ni wetu! Cubs wamempokea Cody Poteet. Cody kwa Cody. Nilisema tangu siku ya kwanza, someni juu hapo.

Bi_Takwimu

Ni kweli, imetangazwa. Cubs wanachangia milioni 5, sisi tunabeba zilizobaki. Kwa maneno mengine Cubs walitaka tu kuutua mzigo wa mshahara baada ya kumpata Tucker, Poteet ni pitcha wa akiba wa kawaida kabisa. Hakuna chaguo la drafti lililotoka. Kwa bei hiyo sioni wa kulalamika, hata wewe Sugu.

Shabiki_Sugu

Ninalalamika. 27.5 ni 27.5. Na wewe mwenyewe ndo ulitufundisha hesabu ya kodi hapo juu, sasa mbona umeizima?

Bi_Takwimu

Sijaizima, nimeilinganisha. Kumbuka 47.5 kwa mwaka ndo ilikuwa inaenda kwa Soto peke yake, na tungefanya hivyo sidhani kama Fried angekuja. Fried na Bellinger pamoja ni kama 55. Nachukua wawili.

MzeeWaBenchi

Baba yake Clay Bellinger alikuwa kwetu 1999 mpaka 2001, hakuwa nyota, alikuwa mtu wa kuingia popote panapohitajika, na alibeba pete mbili za ubingwa na sisi. Huyu Cody amekulia kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vya timu hii. Kwa hiyo sasa ni Bellinger katikati, Judge kulia, Domínguez kushoto. Uwanja wa nje umefungwa hapo, tusiuguse tena. Ibaki besi ya kwanza.

Mistari27

Mzee nimekubali. Sugu shusha presha ndugu yangu, Walker wako bado yupo sokoni.

Shabiki_Sugu (Jumamosi, 21 Desemba)

Walker wangu kaenda Astros jana, miaka mitatu milioni 60. Na leo naamka naona tumemchukua Paul Goldschmidt. Miaka 37 jamani. Thelathini na saba!

Kipanga99

Mwaka mmoja milioni 12.5 lakini. MVP wa 2022 huyo. Akifeli anaondoka, hakuna wa kumbeba miaka mitano.

MzeeWaBenchi

Goldschmidt anajua kudaka. Volpe akirusha mpira wa kudunda, yule anauchota chini bila hata kuhangaika, glavu nne za dhahabu hazikuokotwa. Mwaka huu kapiga .245 na homrani 22, sio mbaya hivyo mnavyosema, mwanzo wa msimu ndo ulimharibia, nusu ya pili alipiga vizuri. Na anapigia mkono wa kulia, Rice wa kushoto, siku ambazo mzee anapumzishwa dogo anaingia. Tukumbuke tunalinganisha na nini, msimu uliopita besi yetu ya kwanza ilikuwa aibu, Rizzo wa watu alimaliza mwaka anacheza na vidole viwili vimevunjika.

Bi_Takwimu

Na hakupewa ile ofa na Cardinals, kwa hiyo drafti haijaguswa. Walker 20 kwa mwaka pamoja na chaguo mbili, au Goldschmidt 12.5 bila kupoteza chochote. Kwa timu inayolipa kodi kama yetu ile tofauti ya 7.5 kwa mwaka ukiweka na kodi yake inazidi 11, na bado kuna miaka miwili mingine.

Bili ya mwaka huu imeshatoka pia, Dodgers kodi milioni 103, Mets 97, sisi 62.5. Hiyo sitini na kitu ni hela ya kumlipa Judge na nusu ya mwingine, imeenda ligi. Ndo maana Stroman mtaona wanahangaika kumtoa, ana 18.5 za mwakani na sasa hivi hana hata nafasi kwenye pitcha watano wa kuanza.

Mistari27

Haya imebaki ya tatu. Tukimwacha Jazz kule, ya pili hatuna mtu. Tukimrudisha ya pili alikozoea, ya tatu tuna LeMahieu ambaye mwili umegoma, Cabrera na Peraza. Nimeona Arenado wa Cardinals, mtu wa besi ya tatu, kawakataa Astros, ana haki ya kuzuia uhamisho, na yeye na Goldschmidt ni washkaji wa St. Louis. Kuna mtu ana tetesi za uhakika?

Shabiki_Sugu

Arenado anadai milioni 74 kwa miaka mitatu. Mzee mwingine. Tunafungua kituo cha wastaafu?

MzeeWaBenchi

Jazz ya pili. Kule ya tatu mwaka huu alijifunzia kazini na alijitahidi, ila nyumbani kwake ni ya pili, usimchezee mtu nafasi mbili mwaka mzima. Ya tatu Cabrera aanze, Cardinals wakishusha bei mwezi wa 2 tunaongea. Wakigoma kubeba hata nusu, waacheni nae.

Kipanga99

Cabrera msimu mzima?? Mzee unatutania.

MzeeWaBenchi

Mpaka julai. Julai soko linachangamka kabla halijafungwa, na Stroman akiwa ametoka hela itakuwepo.

Bi_Takwimu

Stroman kumtoa bila kumlipia sehemu ya mshahara sioni timu itakayokubali. Nitaleta hesabu ya jumla tulipofika nikimaliza kuwajumlisha hawa wanaosubiri mishahara yao ipangwe januari.